Niliambiwa namuua mume wangu kwa mayai: yaliyotukuta huku Bagamoyo

Wakuu salaam, na wakubwa wangu wa humu shikamooni.

Naona kila mara mnabishana kuhusu mayai na cholesterol. Mmoja anasema ni sumu, mwingine anasema anakula trei na bado yuko ngangari. Leo nimeona niseme yaliyonikuta mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na hiyo chumvi kwetu siku hizi tumeambiwa tupunguze.

Mimi ni mama, naishi Makurunge, nafuga kuku wa mayai. Siyo wengi wa kutisha, lakini ndio wanaosomesha watoto wangu.

Sasa mfugaji yeyote humu anajua, banda halikosi mayai yaliyopasuka. Kuku kalikanyaga yai, au umeligonga mwenyewe ukiokota. Hilo hulipangi kwenye trei. Wenzangu huwapelekea wauza chipsi, lakini mume wangu, Baba Rukia, hataki. Ni mtu wa zamani kidogo, anasema kumuuzia mtu kitu chenye ufa ni kujitafutia laana.

Kwa hiyo kwetu lililopasuka leo linaliwa leo, na mlaji mkuu ni yeye. Asubuhi mayai, jioni mayai. Watoto walishakinai, wakiyaona wanakimbilia mihogo.

Tukaishi hivyo miaka, raha mustarehe.

Siku moja alikuwa anashusha magunia ya chakula cha kuku. Akaweka gunia chini, akashika kifua, akakaa.

"Mama Rukia, hapa pananibana."

Kaka yake, shemeji yangu, alifariki kwa moyo. Alianguka akitia udhu, hakuamka tena. Na yeye alianza hivyohivyo, kushika kifua.

Tukamkimbiza hospitali mjini. Wakampima moyo kwa ile mashine ya waya, wakachukua na damu. Daktari, dada mmoja mtaratibu, akasema moyo unapiga vizuri, maumivu yanaonekana ni ya misuli kwa kubeba mizigo. Ila cholesterol iko juu, na kwa mtu ambaye kaka yake amekufa kwa moyo, hilo si la kupuuza. Apunguze mafuta, arudi baada ya miezi michache.

Hapo ndipo alipoingia wifi yangu Zena. Huyu ni dada yake mkubwa Baba Rukia, ndiye aliyemlea, na nyumba yake na yetu ziko ua mmoja. Aliposikia neno cholesterol tu hakusubiri tumalize kueleza.

"Ni mayai. Wifi, wewe unammaliza mdogo wangu kwa mayai. Tumeshazika mmoja, wa pili sikubali."

Alisema mbele ya majirani.

Mimi si mtu wa kunyamaza, wanaonijua watashangaa, lakini siku ile niligeuka nikaenda zangu bandani. Ndani ya roho yangu niliogopa kuwa ni kweli. Nani aliyekuwa anayakaanga, si mimi? Ikawa kila Baba Rukia akikohoa nageuka kumtazama.

Hukumu ikapita. Asiguse yai, na chakula chake atapika wifi mwenyewe. Mayai yenye nyufa nikawa nawagawia majirani, maana kuuza Baba Rukia bado alikataa.

Sasa wifi Zena, haki yake nimpe, anajua kupika. Watu wa Pwani mtanielewa nikisema kasimele, lile tui zito la kwanza kabla hujaongeza maji ukakamua tena. Yeye tui la pili analiona kama maji ya kuoshea vyombo. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki kakaangwa kisha kaungwa kwa tui, asubuhi maandazi ya nazi na chai ya maziwa. Sahani inavuka ua imefunikwa kawa kama ya bwana harusi.

Baba Rukia akanawiri, mashavu yakatoka. Wifi akipita ananiambia, "Unaona mtu akilishwa?"

Nami naitikia, "Naona, wifi."

Kimyakimya nilishaanza kuulizia mtu wa kuwanunua kuku wangu. Sikumwambia yeyote. Niliwachukia, sikutaka hata kuwasikia wakitetea. Niliona ndio walioniletea maradhi nyumbani.

Siku ya kurudi hospitali ikafika. Wifi akasema lazima naye aende, kavaa baibui jipya. Nilijua anaenda kushangilia.

Daktari akasoma majibu, akamtazama Baba Rukia.

"Baba, imepanda kuliko mwanzo. Unakula nini?"

"Mayai nimeacha kabisa, daktari. Hata harufu yake."

"Sijauliza ulichoacha. Nimeuliza unachokula."

Baba Rukia akamwangalia dada yake. Basi wifi akajibu kwa fahari zote, sahani moja baada ya nyingine, akamalizia, "Na tui ni kasimele tupu, daktari. Maji simchanganyii."

Daktari akaweka kalamu chini.

Akatueleza taratibu, kwa heshima. Nawapa nilivyoelewa, mimi si mtaalamu. Cholesterol kwenye kiini cha yai ipo, ndiyo. Lakini kwa watu wengi ile ya kwenye damu zaidi inatengenezwa na ini lenyewe, na kinacholichochea ini ni mafuta mazito: ya nazi, ya mawese, samli, nyama yenye mafuta. Mtu mwenye afya akila mayai kwa kiasi, kwa kawaida hayamdhuru. Ila miili haifanani. Mwenye kisukari, au mwenye historia ya moyo kwenye ukoo kama Baba Rukia, apimwe na aulize, asijipangie.

Yeye akaambiwa ale mayai machache, ya kuchemsha, siyo yale ya asubuhi na jioni. Nazi iwe ya siku mojamoja, tena tui jepesi. Na atembee.

Tulipotoka nje wifi akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Wifi, mimi nilikuwa namtunza."

Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu miezi yote ile, wakuu, na yalikuwa makali. Yote yakaniishia mdomoni.

"Najua, wifi," nikamwambia. "Hata mimi nilikuwa namtunza."

Juzi kapimwa tena. Imeshuka vizuri, daktari kasema tuendelee hivyohivyo. Kifua nacho hakijambana tena tangu aache kubeba magunia peke yake. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia, Baba Rukia ananiuliza nalia nini na majibu mazuri. Alhamdulillah. Nimepumua jamani, sijui niwaelezeje. Kuku wangu sikuwauza.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujakilaumu chakula, pima. Na ukiacha kitu, angalia umeweka nini mahali pake.

Wafugaji wenzangu na madaktari wa humu, njooni mniongezee, na nilipokosea mnikosoe. Nyie mnaokula na nyie mnaokataza, mlipima lini?

Nusura nisahau. Jana wifi Zena kaja bandani na bakuli.

"Leo yaliyopasuka yapo?"

Nikamwambia hakuna hata moja, leo kuku wamekuwa waungwana.

Akachukua moja zima kwenye trei, akaligonga kidogo kwenye nguzo ya banda, akalitazama.

"Hili hapa lina ufa," akasema, akavuka nalo ua kwenda kumchemshia mdogo wake.