Kovu Nililomtwisha Koko

Nilipokuwa mtoto pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nilikuwa na kinyama shingoni, chini ya sikio la kushoto, kimesimama kama punje ya hindi. Hakikuuma. Kilichouma ni shule, ambako wenzangu waliniita Kifungo. Mvulana wa benchi la nyuma alikuwa akikivuta, eti ananifungua koti, na darasa zima linakufa kwa kicheko. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na sikutaka kitu kingine duniani ila kitoke.

Tuliishi na koko, mama yake baba. Koko alikuwa mwanamke wa maneno. Hupiti mbele yake bila kuonywa: usiruke moto, usikalie kinu, usipige mluzi ndani ya nyumba. Watoto wachanga wa majirani aliitwa kuwapokea, akawasemea mema sikioni kabla hata baba zao hawajawaona. Kwa kinyama changu alikuwa na dawa ya wavuvi: uzi wa wavu unafungwa kwenye shina lake, unakazwa kila siku ya tatu, mpaka kikauke na kuanguka chenyewe. Akanifunga. Weee, uzi ule uliuma! Nililia siku mbili mfululizo, mama akachoka kunisikia, akaukata.

"Kesho tunaenda kwa dokta," mama alisema. "Ni kitu ya dakika kumi."

Koko alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha mchi.

"Mama Wabiwa, muache. Chuma haipendake ngozi ya kwetu. Mukiikata na chuma, itarudia na hasira."

"Mama, ile ni mambo ya zamani."

"Ndiyo, ya zamani. Lakini ngozi ni ile ile."

Ni kweli, wanawake wa ukoo wa baba hawakutoboa hata masikio. Mimi niliona ni ushamba tu.

Muuguzi alinichoma sindano ya ganzi, akakata, akashona nyuzi mbili. Akaniambia nisiloweshe kidonda, nisikikune, nirudi baada ya siku saba. Nilitii yote. Gaga lilianguka lenyewe, na chini yake ngozi ilikuwa laini kabisa. Karibu mwezi mzima nilitembea shingo juu kama bibi harusi. Nilimwonyesha koko. Alipapasa pale kwa kidole, akasema, "Tungoje."

Halafu pakaanza kuwasha. Kovu likainuka, gumu, linang'aa, likavuka mipaka ya kidonda na kuendelea. Baada ya miezi michache lilikuwa nene kama kidole gumba. Shuleni wakanipa jina jipya, hilo sitaliandika hapa.

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya maji, robineni, kwenye bomba la mtaa, bamama wamepanga bido zao, madumu ya njano. Jirani yetu Mama Riziki, tumbo lake limeshakuwa kubwa, akanitazama shingo.

"Wabiwa, ni nini tena ile?"

Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikajibu kwa sauti, wote wakasikia: "Ni koko. Alisema itarudia na hasira. Njo hii imerudia."

Sikusema neno mulozi, mchawi. Nani alihitaji kulisema? Bamama walitazamana, na bido ya mtu ikajaa mpaka maji yakamwagika chini bila yeyote kuiondoa.

Hakuna aliyemrushia koko jiwe. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana kwetu mabibi wengine wamepigwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Watu waliacha tu kuja. Mtoto wa Mama Riziki alizaliwa, koko hakuitwa. Akapika sombe, akaipeleka mwenyewe kwa mzazi, na asubuhi yake tukaikuta imemwagwa nyuma ya choo chao. Koko aliiona. 

Kuanzia hapo akanyamaza. Siku moja mdogo wangu alikuwa anachezea kando ya sufuria ya mafuta ya moto. Koko alinyanyuka kwa taabu, akamvuta mkono, akarudi kukaa bila kutoa neno. Yeye, aliyekuwa na onyo kwa kila kitu!

"Koko, mbona hausemi?" nikamwuliza.

"Naogopa mudomo yangu, mutoto wangu. Mi mwenyewe sijue tena iko na nini ndani."

Nilielewa vizuri sana. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kumwambia, "Koko, nisamehe, ni mimi." Sikusema. Miaka mitano aliishi hivyo, akipima kila neno, halafu akafa.

Leo nina watoto watatu. Mwezi uliopita binti yangu mkubwa alinililia nimtoboe masikio, nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi, msichana mdogo tu, hakutazama masikio ya mtoto. Alitazama shingo yangu.

"Mama, kwenu kuna bengine beko na kovu kama hii?"

Nikakumbuka bega la koko, siku za mwisho nilipokuwa namwogesha. Lilikuwa na kovu nene kama langu, na sikuwahi kumwuliza alilipata wapi.

"Kuna ngozi ya namna hii," muuguzi akasema. "Ukiikata inajishona, lakini haijue kuacha. Inatembea ndani ya famiye, muzazi mpaka mutoto. Huyu mutoto musimutoboe."

Basi. Ni hilo tu. Hapakuwa na mdomo wala hasira ya mtu.

Sikwenda nyumbani. Nilipitia kwa Mama Riziki, ambaye sasa ni mzee, nikamkuta uani anachambua maharagwe. Nikamweleza yote. "Koko hakukuwa mulozi," nikamaliza.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Mutoto wangu, sisi tulijulia wapi? Hakuna muntu hapa alisemaka vile. Ni weye ulisemaka, pa robine."

Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu. Nilikaa chini kando yake tukachambua maharagwe pamoja, kwa sababu alisema kweli. Koko alijaribu kunilinda kwa maneno aliyokuwa nayo, na mimi nikamfanya afe akiogopa sauti yake mwenyewe.