Niliposimama Kushukuriwa

Mimi ni mhitimu ninayejitolea kufundisha hisabati hapa Songea. Mwaka mzima nimetamani kuitwa "mwalimu", lakini wanafunzi huniita "kaka wa fildi", kana kwamba bado niko chuoni na nimekuja tu kwa mazoezi ya kufundisha.

Juzi Editha, niliyemwandaa kwa mashindano ya hisabati, alishinda. Kwenye hafla ya zawadi, mbele ya wazazi, akashika kipaza sauti: "Namshukuru mwalimu aliyenifundisha kufikiri, siyo kukariri."

Nisiposimama, si wataona nina maringo? Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikainamisha kichwa.

"Samahani, kaka wa fildi, kaa kidogo," Editha akasema kwa upole. "Unamziba mama. Ndiye aliyenifundisha, kwa hesabu za vitumbua anavyouza pale mtaani Lizaboni. Mama, simama!"

Nikaanza kupiga makofi, ili ionekane nilisimama kwa ajili hiyo.