Vifaranga Wawili wa Kisiwani

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, mwanangu, umande bado umelala juu ya majani ya chai, na mimi nimesimama kando ya bwawa la kampuni huko kwetu upande wa Sosiot, darubini imening'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Nilikuwa nimeolewa mwaka uliopita tu. Chebet wangu, ambaye leo ana watoto wanaonipita urefu, nilikuwa nimembeba mgongoni.

Wacha nikueleze hiyo darubini ilinifikaje, maana mimi shule niliacha darasa la tatu. Kulikuwa na Mwalimu Auma, mama kutoka upande wa ziwa, aliyefundisha watoto wa wafanyakazi wa chai. Kila mwezi wa kwanza alikusanya watu wa kujitolea kuhesabu ndege wa majini. Alisema huko Ulaya wakati huo ni barafu tupu, ndege wengine wanakimbia baridi wanakuja kwetu, kwa hivyo huo ndio mwezi wa kuhesabu. Malipo hakuna. Chai na mkate, basi. Mimi alinichagua kwa sababu ya macho, akanipa darubini na daftari. Mchuna majani huona majani mawili na chipukizi kutoka mbali, hata ndani ya ukungu.

Wenzangu wa kuchuna walinicheka wee! "Mama Ndege! Wewe hesabu bata, na kilo zako tutahesabu sisi, tutazila!" Nilijifanya sisikii, lakini moyoni nilivimba. Mtu ambaye hajawahi kupewa kitu cha maana akipewa daftari na kalamu, mwanangu, hujiona ameshakuwa chifu.

Katikati ya bwawa kulikuwa na kisiwa kidogo cha matete, ukubwa wa zizi. Darubini haikuweza kupenya yale matete. Basi nikamwachia Mwalimu mtoto, nikakunja sketi, nikaingia majini kutoka upande wa pampu ya maji ya kiwanda. Kumbe ni kiangazi, maji yalinifika magotini tu. Nilipochungulia nikamwona korongo mwenye taji, yule tunayemwita kong'ony, amefungua mabawa yake mbele ya vifaranga wawili wa rangi ya asali. Hakuruka. Alinitazama tu. Nikarudi kinyumenyume, moyo unapiga kama mtambo wa kiwanda. Pamoja na hao wawili, korongo wote wa bwawa walikuwa kumi na tisa.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee arap Langat. Ukoo wake ni wa huyo korongo. Watu wa ukoo huo hawamuui wala hawamfukuzi, hata akikanyaga mahindi machanga. Asubuhi korongo wakipita wakilia juu ya nyumba, mzee alivua kofia. Tena mzee alikuwa hahesabu kitu chenye uhai. Hiyo ni desturi ya zamani kwetu, wewe hukuikuta. Jioni ng'ombe wakiingia, alisimama langoni na kusema, "Yule wa pembe iliyopinda hayuko," bila kutaja moja wala mbili. Siku karani wa sensa alipokuja na kumuuliza ana watoto wangapi, alijibu, "Wako wa kutosha." Karani akauliza tena. Mzee akamwambia, "Andika hivyo hivyo: wa kutosha." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Basi siku hiyo nilirudi nyumbani mbio, nikaita tangu nje, "Baba! Ndugu zako ni kumi na..."

"Nyamaza, Bot Chebet." Ndivyo alivyoniita, yaani mama Chebet. Hakupaza sauti. Akanikaribisha maziwa ya kibuyu, akangoja ninywe. Ndipo akasema, "Mwalimu akitaka kuandika, aandike. Labda kitabu chake kitawalinda. Lakini kwa mdomo usitoe. Ng'ombe hawapitishwi ukutani na mwizi, hupitishwa mlangoni. Na mlango wa mtu ni mdomo."

Niliitikia, "Ndiyo, baba." Moyoni nikasema, mzee huyu na mambo yake ya kale.

Siku ya soko nikaenda kuuza mayai. Nikakaa kwenye kibanda cha chai, na meza moja nami akakaa mwanamume mcheshi, mnunuzi wa kuku, mgeni pale. Aliniita shemeji. Alininunulia mandazi. Mwenye kibanda akamwambia kwa utani kwamba mimi ndiye daktari wa ndege, na yule mgeni hakucheka kama wengine. Alisema, "Kumbe! Hiyo ni kazi ya watu waliosoma." Mwanangu, neno hilo liliniingia kama asali. Hakuna aliyewahi kuniita msomi. Ulimi hauna mfupa: nikamwambia kumi na tisa. Nikamwambia kuna vifaranga wawili kisiwani. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, mtu anafikaje huko bila mashua. Nikamwambia, tena nikicheka, "Pita upande wa pampu, maji ni ya magoti tu."

Hata wiki haikuisha. Asubuhi tuliamshwa na kilio cha korongo, si kile cha kupita juu. Kilikuwa kilio cha pale pale, hakisongi. Tulipofika bwawani, matete yalikuwa yamelala, na alama za gamboti, vile viatu virefu vya mpira, zimetoka kwenye pampu hadi kisiwani na kurudi. Vifaranga hawakuwako. Baadaye ndipo niliposikia kwamba matajiri huwanunua wakawafuga bustanini. Mama yao alikuwa anazunguka akiburuta bawa moja lililovunjika. Baba yao alisimama karibu naye, hata kwenda kula hakwenda. Mbwa walimpata yule mama siku ya nne.

Sina ushahidi kwamba ni yule mnunuzi wa kuku. Nasema nisije nikamsingizia mtu. Lakini sokoni hakuonekana tena, na mimi najua nilichokisema.

Mzee aliinama akazitazama zile alama kwa muda mrefu. Akauliza, bila kumtazama mtu, "Nani alijua maji yanafika magotini?"

Tulikuwa watu kama kumi. Mwalimu Auma alinitazama, kisha akatazama chini. Aliyeingia majini ni mimi peke yangu. Nikasema, "Sijui, baba."

Hilo neno "sijui" limenielemea kuliko yale ya kibandani. Yale niliyasema kwa upumbavu. Hili nililisema huku najua.

Mvua za masika zilipoanza, korongo wote wakahama. Kila asubuhi mzee alitoka na kofia yake, akangoja, akarudi nayo kichwani. Halafu akaanza kukohoa, na kabla mahindi hayajachanua akawa hawezi kutoka kitandani. Mimi ndiye niliyempikia uji. Siku moja akanishika mkono, mkono wake mwepesi kama jani lililokauka, akaniuliza, "Bot Chebet, wale wangu wako?"

Bwawa lilikuwa tupu kabisa. Nikasema, "Wako, baba. Wako wa kutosha."

Alifumba macho. Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Safari hii hukutaja idadi," akasema. "Umejifunza."

Alikuwa anajua. Tangu siku ile ya alama za gamboti alikuwa anajua, na akaendelea kunywa uji wangu na kuniita mama wa mjukuu wake. Tulimzika juma lililofuata. Nilimwuliza mchungaji wetu wa kanisa kama ule uongo wa kitandani ni dhambi. Akakohoa, akaniuliza habari za ng'ombe.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi nimekaa na mjukuu huyo maisha yangu yote. Nimekusimulia kwa sababu nawaona ninyi na simu zenu. Mkiona kiota, picha. Na picha, nasikia, inasema hata mahali ilipopigwa. Sikukatazi kuhesabu. Mwalimu Auma hakukosea: usipojua walikuwa wangapi, hutajua wakipungua. Nakukataza kusema ili uonekane. Kabla hujafungua mdomo juu ya kitu kisichoweza kujitetea, jiulize unasema kwa ajili yake au kwa ajili ya sifa yako. Na ukishakosea, usiseme "sijui." Sema "ni mimi," wakati uliyemkosea bado yuko hai, aweze kukusamehe.

Mwezi wa kwanza huu niliteremka tena bwawani na watu wa kuhesabu, magoti yakinilaumu. Nilichokiona kisiwani nimekiandika kwenye daftari, nikalifunga, nikavua kitambaa kichwani. Usiniulize.

Mungu akupe macho ya kuona mengi, mwanangu, na mlango wenye komeo. Na siku utakapoulizwa kama wale uliopewa kuwalinda bado wako, akujalie ujibu "wako" na iwe kweli.