Mwami kwa Zamu

Kile kitabu cha picha ndicho kilichoniponza. Nilikiokota sokoni Kasulu, kimechakaa, ndani yake mna ngome ya mawe yenye minara, nami mwalimu wa chekechea wa kijiji cha jirani na Heru Juu nikaona nimepata somo la wiki nzima. Miaka ya sabini hiyo, vijiji vya ujamaa bado vipya, na darasa langu lilikuwa ghala la kijiji. Mwenyekiti wetu alilitaka ghala lake aweke mbolea. Alhamisi mkaguzi angekuja kutoka wilayani kuamua: mbolea au watoto.

Basi tujenge ngome hapa mbele ya ghala, nikasema, mkaguzi aone kazi! Tulichimba udongo wa kichuguu, tukaukanyaga kwa miguu, watoto wakabeba mabua ya mahindi na kamba za mgomba huku wakihesabu kwa sauti. Mimi nahimiza minara, wao wanazungusha ua. Nilipoona mlango, hasira zikanipanda. Ulikuwa mfupi kama wa banda la kuku.

"Nyie! Mtu mzima atapita wapi hapa?"

Binti mmoja mdogo, msemaji kuliko wote, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mlango ukiwa mrefu, mgeni atainamaje?"

Kumbe bibi zao walishawasimulia makao ya mwami, mtemi wa zamani wa sisi Waha, ambako hakuna aliyeingia wima. Na mimi nilikulia hapohapo, nikasahau, nikakimbilia minara ya watu. Nikachukua udongo, nikakandika pamoja nao.

Alhamisi mkaguzi akafika, suti imepigwa pasi, Muha mwenzetu wa upande wa Kibondo. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Mlangoni mwa ngome watoto wawili wakamzuia mgeni kwa mabua.

"Makofi kwanza!"

Kwetu mdogo humsalimu mkubwa akichuchumaa na kupiga makofi taratibu. Sasa hawa wanamdai mkaguzi! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kwani ndani kuna nani?" akauliza.

"Mwami!"

Akanigeukia. "Mwalimu, watemi tulishawafuta. Unawafundisha watoto ukabaila?"

Mwenyekiti akakohoa kwa raha. Mimi niliogopa, sitaficha.

Yule binti akachomoza kichwa mlangoni, taji la majani ya mgomba limemfunika jicho moja. "Ni zamu tu, baba. Kama kufagia. Leo mimi, kesho mwingine. Ukiwahi kesho, utakuwa wewe."

Mkaguzi aliandika kitu daftarini, akapanda gari, akaenda zake. Siku hiyo nilimkasirikia mtoto wa watu, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kumkasirikia.

Asubuhi yake nafika ghalani, loo! Gari lile lile limesimama mlangoni.

"Nimewahi," mkaguzi akasema.

Akachuchumaa mbele ya ngome, akapiga makofi, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," halafu akaingia akitambaa, suruali yote vumbi la kichuguu. Watoto walimvika taji, wakapiga vigelegele mpaka mwenyekiti akaja mbio kuuliza kuna msiba au harusi.

Sauti ikatoka ndani. "Mwenyekiti, mwami wa leo anaamuru: ghala ni la watoto. Mbolea itafutiwe pengine. Na barua nimeshaiandika."

Nilipiga kelele za furaha kama mwendawazimu, sikujali nani ananiona. Mwenyekiti akaukazia macho ule mlango mfupi, akasogea aingie kubishana. Walinzi wakamwekea mabua kifuani.

"Makofi kwanza!"

Akanitazama, nikamtazama. Akachuchumaa, mtu mzima na koti lake, akapiga.