Zamu ya Kina Mama wa Gitothua

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya kimataifa huku kwetu, kati ya Ruiru na Thika. Ni shule yenye bwawa la kuogelea, farasi wawili, na bendera za nchi ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Pamoja na kufundisha, nilipewa kazi ya kuwatafutia wanafunzi mahali pa kutoa huduma. Mambo ya uraia wa dunia. Mwanafunzi hamalizi masomo kabla hajatoka nje ya geti, akafanya kazi ya mikono na watu wasio wa kwao, kisha akaandika alichojifunza. Kuna walimu wanaoicheka kazi hii. Mimi siicheki. Nimeona mtoto ambaye hajawahi kuosha kikombe akirudi na matope hadi magotini, kimya, anafikiria.

Mwaka ule niliwapeleka Gitothua, kwa kikundi cha wanawake tisa wanaolima mboga kwenye shamba la pamoja. Na hapo ndipo palipokuwa na siri yangu. Mwenyekiti wa kikundi hicho ni mama yangu mzazi, na shuleni sikumwambia mtu yeyote. Nilijidanganya kwamba naogopa kusemwa nimepeleka mradi kwetu. Lakini wacha niseme ukweli, sasa nimekuwa mtu mzima: niliona haya. Wazazi wa wanafunzi wangu ni mabalozi na wenye makampuni. Mama yangu alimenya mananasi kiwandani, pale Eneo la Viwanda Thika, hadi vidole vikapinda, akatulea watoto wanne kwenye chumba kimoja Makongeni kabla ya kuhamia Gitothua. Nilimwomba asiseme kwamba mimi ni wake. Hakuniuliza kwa nini. Nyumbani huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nilipofika shambani na wale watoto, aliniita mwalimu.

Tulienda Jumamosi tatu. Watoto waliinua matuta, wakabeba samadi, wakapanda sukuma na mchicha. Nami kwa ujuaji wangu nikawaambia kina mama wasijisumbue. Wasilime, wasipike, hata chai wasichemshe, maana watoto wamebeba chakula chao kutoka shuleni. Wakakaa kwenye benchi wakitazama, mikono mapajani. Niliona nimewapa heshima kubwa sana.

Ai! Mtu aliyezaliwa huku, asahau ngwatio! Ngwatio ni kulimiana kwa zamu. Leo sote tuko kwako, kesho sote tuko kwangu, na mwenye shamba lazima ashike jembe pamoja na wageni wake, kisha awapikie. Hakuna mtu mzima wa afya yake anayekaa kwenye benchi akilimiwa. Hata mama mmoja wa kikundi aliyetoka magharibi mwa Kenya, jirani wa mama yangu, aliniambia baadaye kwamba kwao pia ni hivyo hivyo. Mimi nimelelewa ndani ya jambo hilo, jembe mkononi kila likizo. Miaka kumi ya kuandika ripoti ikanitoa akili.

Wiki sita baada ya Jumamosi ya mwisho, asubuhi, watoto wa bweni wakielekea kunywa chai, askari wa geti alinipigia simu.

"Mwalimu, kuna wamama hapa na majembe. Wanasema wamekuja kulima."

"Kulima wapi?"

"Hapa shuleni. Nimewauliza nani amewaita, wanasema hawajaitwa, ni zamu yao. Unawajua?"

Nilishuka mbio. Walikuwepo wote tisa, wamejifunga leso kiunoni, gumbuti miguuni, majembe mabegani. Mama alikuwa mbele na kofia yake ya sufu. Walikuwa wametembea kutoka Gitothua, na yule mkubwa wao ana miaka zaidi ya sabini. Mkuu wa shule, mzungu mpole aliyekuwa na miaka miwili tu Kenya, alikuwa ameshafika getini kabla yangu.

"Ni nani hawa?" akaniuliza.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikajibu, "Ni kina mama wa kile kikundi cha Gitothua."

Mama aliniangalia mara moja, halafu akageuza macho akatazama farasi. Haki, moyo ulinichoma. Si kwamba alikasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

Mkuu akaniomba nimtafsirie. Akasema shule inawashukuru sana, lakini watoto walifanya kazi ile bure, kwa upendo, na hawahitaji malipo yoyote. Nilitafsiri. Mama akatikisa kichwa.

"Mwambie hatujaleta malipo. Malipo ni pesa. Sisi tumeleta zamu yetu. Hawa watoto wametulimia siku tatu, na hata uji hatukuwapa. Tangu waondoke, sukuma imekomaa pale na hakuna mtu kati yetu ameikata hata jani. Tutakulaje? Mtu akikulimia, halafu akatae wewe umlimie, huyo hakuoni kama jirani. Anakuona kama maskini wake."

Mama yangu aliacha shule darasa la nne. Mimi nimekaa semina nyingi za uraia wa dunia, nimekunywa chai nyingi za kwenye semina, na sijawahi kumsikia mtu akilisema jambo hilo kwa uwazi namna ile. Nilimtafsiria mkuu neno kwa neno. Kisha akavua kofia yake, sijui kwa nini, akauliza kama mtu aliyepotea njia: "Lakini tuna kampuni inayotunza bustani. Walime nini?"

Watoto ndio waliotuokoa. Walikuwa wameshawaona kina mama kupitia uzio wakaja wakikimbia, wameacha chai mezani. "Shosho! Shosho!" walimwita mama yangu, mbele ya mkuu, mbele ya askari, bila haya yoyote. Watoto wa nchi za mbali walikuwa wanamwita nyanya yao, na mimi niliyenyonya kwake nilikuwa nimesimama pale kama mkalimani wa kukodiwa. Msichana mmoja wa darasa la kumi na moja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinachechemea, alielewa maneno yote mara moja.

"Shamba letu," akasema. "Nyuma ya bwawa. Sisi tumejaribu, tumejaribu. Hapana ota kitu."

Ilikuwa kweli. Wanafunzi walikuwa na kishamba chao, na mihula mitatu kilikuwa kimewashinda. Ardhi ya pale ilishindiliwa na matingatinga wakati wa ujenzi, ni ngumu kama sakafu. Walikuwa wameona aibu kumwambia mtu. Kina mama waliambiwa hivyo wakachangamka mara moja, maana sasa kulikuwa na shida ya kweli na wenye shida walikuwa wameisema wenyewe.

"Na mtatupikia nini?" mama akauliza kwa ukali wa utani.

Nusu ya watoto walikimbilia jikoni kumbembeleza mpishi. Nusu nyingine wakatafuta majembe kwenye stoo.

Ninachokumbuka zaidi ni lile pigo la kwanza. Wanawake tisa walijipanga mstari mmoja, bila mtu kutoa amri, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Ardhi iliyowakatalia watoto mwaka mzima ikapasuka. Walikuwa hawatumii nguvu nyingi. Walikuwa wanajua tu jembe liingie wapi na ligeuzwe saa ngapi. Chini ya ule ugumu kukatokea udongo mwekundu, wenye unyevu, tayari kabisa. Mkuu wa shule alikunja suruali akaingia mstarini, akapiga jembe likaruka kando. Wamama wakacheka hadi mmoja akaketi chini. "Wewe mzee, unachapa nyoka?" Yule mama wa magharibi akamshika mikono akamwonyesha, naye akatii kama mtoto wa chekechea. Huu ndio ule uraia wa dunia tuliokuwa tunauandika ubaoni, na ulikuwa umekuja kwa miguu kutoka Gitothua, umezuiliwa getini.

Nikavua viatu. Nikachukua jembe, nikaingia nafasi iliyobaki, kando ya mama. Mwili haukuwa umesahau. Miguu ilijitanua yenyewe, mgongo ukainama inavyotakiwa, na mabonge yakawa yanageuka vizuri kama yake.

Yule msichana akasimama kunitazama. "Mwalimu! Wewe unajua! Nani alikufundisha?"

Mkuu naye akainua kichwa. Askari alikuwa amekuja kutuangalia, naye akasimama kusikiliza.

"Mama yangu," nikasema. Nikarudia kwa nguvu. "Huyu hapa. Huyu ndiye mama yangu mzazi."

Watoto wakapiga kelele. Wale wamama wanane hawakushtuka hata kidogo, walikuwa wanajua siku zote. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, na sikujali.

Mama hakuacha kulima. Aligeuza bonge lake, akalivunja kwa kisigino cha jembe, ndipo akasema kwa Kikuyu, polepole, ili nisikie mimi tu: "Nilijua kuna siku utasema. Nilichokuwa naogopa ni siku hiyo ifike nikiwa siwezi tena kushika jembe."

Halafu akanisukuma kwa kiwiko nirudi mstarini.