Tarumbeta Lililojifunza Kuitika

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kijiji kizima kilivyomkimbia mtu aliyekuja kutufurahisha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi siku ile mgeni alikuja, wenyeji tukaponea vichakani. Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu, na moyo unanidunda kama ndiyo kwanza naisikia ile sauti.

Ilikuwa kijijini kwetu Gulwe, enzi za Mjerumani, reli ikiwa bado mpya. Jirani yetu Nyamwaja alikuwa na mwana mmoja tu, Ndahani, aliyechukuliwa uaskari akiwa kijana wa kuchunga mbuzi. Huko pwani wakamtia kwenye bendi yao, wakamfundisha tarumbeta. Muda wake ulipokwisha, mkubwa wa bendi akamwachia moja kuukuu, limebonyea ubavuni. Basi Ndahani akashuka kwenye gari moshi nalo begani, mchana, watu wote tuko mashambani tunavuna uwele. Furaha ikamzidi. Akapanda juu ya tembe la mama yake, maana unajua matembe yetu paa lake ni bapa, la udongo, tunaanikia hata mtama. Akalipuliza kwa pumzi zake zote.

Mwanangu, tulikimbia. Nani angejua ni Ndahani? Tarumbeta kwetu lilikuwa na maana moja tu: askari wamekuja, kuna kodi, kuna kiboko, kuna vijana watakaofungwa kamba na kupelekwa. Mzee Chilewa, aliyekuwa akisema miguu yake imekufa, alitupita sote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na Nyamwaja mwenyewe alianguka korongoni, akachubuka magoti, kwa kumkimbia mwanawe aliyemlilia miaka yote ile. Ndahani alibaki juu ya tembe akikipulizia kijiji kitupu, anashangaa kwao kumekuwaje.

Tulipomtambua tulirudi, mmoja mmoja, kwa aibu. Mama yake alimkumbatia, akalia, akampikia ugali na mlenda. Mwanawe alipokwisha kula ndipo mama akaigeukia ile shaba ya tarumbeta, akasema, "Kitu hiki ndicho kilichokuchukua. Hakilali kwangu. Kitoke, au mtoke nyote wawili."

Hakuwa anatania. Na Ndahani hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua kama lile tarumbeta.

Akaja kwa bibi yangu, Bibi Sechelela, amwombee kwa mama yake. Bibi ndiye aliyekuwa mkubwa wa muheme. Kwetu Wagogo muheme ni ngoma ya wanawake, tunaibana mapajani na kuipiga kwa viganja; wanaume kazi yao kucheza. Mimi nilikuwa nikijifunza kwenye kale kangoma kadogo, viganja vyangu vimeota sugu na kichwa kimejaa majivuno. Ndahani akampigia bibi ile ya kuamsha askari, akampigia na ya kutembea kwa safu. Bibi alikuwa akipepeta uwele, hata hakuinua uso. Ndahani alipomaliza kupuliza, bibi akamwuliza, "Mjukuu wangu, hilo lako kuita linajua. Kuitika je?"

Ndahani akasema tarumbeta haliitiki, tarumbeta huitikiwa.

"Basi hilo ni nyapara," bibi akamwambia. "Na nyapara hatulali naye nyumba moja."

Sisi tulicheka. Ndahani hakucheka. Tangu siku ile akawa analala zizini kwa mjomba wake, na mchana anakaa nyuma ya zizi na shaba yake. Alimwomba Mzee Chilewa apige zeze, akasikiliza jinsi sauti ya zeze inavyoteleza na kunung'unika, haikai mahali pamoja kama ile ya kiaskari. Akakata kibuyu, akakichomeka kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, pale sauti inapotokea. Likaacha kubweka. Likawa linatoa sauti ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Vijana wakamtania kwamba askari wa Mjerumani sasa anapuliza vibuyu, na kwamba hata ng'ombe wameanza kukonda kwa makelele yake.  Kuna jioni lililia kama ndama, mama yangu Mbutolwe akatoka kwenda kumtazama ndama.

Mavuno yakaisha, ngoma ikapangwa. Watu walikuja hata kutoka Mlali, njuga miguuni, vumbi mpaka magotini. Mwanzisha nyimbo alikuwa Nyamwaja. Hakukuwa na koo kama lile upande wetu wote. Amefika katikati ya wimbo, akamwona Ndahani anaingia uwanjani na kitu kimefungwa kaniki. Akanyamaza. Wimbo ukakatika kama kamba. Sisi wa ngoma tukataka kuacha, bibi akatuambia kwa chini, "Msiache. Punguzeni. Mpisheni." Mimi niliyependa kujaza kila mahali kwa kishindo, siku ile nilijifunza kuinua viganja na kungoja.

Nyamwaja akamwita mwanawe mbele ya watu wote, ili amfukuze. Lakini koo lina kumbukumbu zake, mwanangu. Lilitoka vilevile alivyokuwa akimwita jioni arudishe mbuzi: "Ndahani weee."

Na Ndahani hakufungua kinywa. Aliinua tarumbeta na kibuyu chake, akaitika. Sauti ile ya mtoto aliye mbali malishoni, inaanza juu, inashuka taratibu, inasema nimesikia mama, naja.

 Nyamwaja akashika kifua. Akaita tena, na shaba ikaitika tena, karibu zaidi. Mara ya tatu mama hakuita, aliimba. Bibi Sechelela akashusha kiganja, na sisi sote tukashuka naye. Wacha we! Ardhi ililia. Mama anaita, tarumbeta linaitika, muheme unanguruma chini yao, wanaume wanaruka kama wameachiwa kutoka zizini, na Mzee Chilewa mwenye miguu iliyokufa akawa mbele tena. Mcheza kwao hutunzwa: usiku ule tarumbeta lililala kwa Nyamwaja, kichwani mwa kitanda.

Siku hizi mnasikiliza jazi kwenye redio, mnaniambia, bibi, sikia tarumbeta linavyoongea kama mtu. Nawaangalia tu. Mimi nililisikia likijifunza kuongea.

Mwanangu, utakwenda mbali, utarudi na kitu ambacho hapa hatujakiona. Kilete, usikitupe, wala usione haya. Ila usipande nacho juu ya paa. Kaa kwanza chini, sikiliza wenyeji wanaitana namna gani, ndipo ukitie pumzi yako. Na wewe uliyebaki na ngoma yako, ukimsikia anakuja, inua viganja, mpishe. Asiyejua kuitika, akiita, watu hukimbia.

Mola akujalie pumzi ndefu na masikio yaliyo wazi, na siku utakayoitwa jina lako jioni, awepo wa kukuita nyumbani, nawe uwepo wa kuitika.