Badilisha Zote

Ukitaka kumwona Mama Kiungo amepandisha mori, mtumie faili ulilolipa jina la "fainali". Halafu kabla hajalifungua, mtumie jingine, "fainali ya mwisho". Utamsikia hata ukiwa getini.

"Fainali ya mwisho! Kwani kuna fainali ya mwanzo? Andika ni waraka wa nini na wa tarehe gani, basi! Mungu wangu, watu wazima nyie!"

Ni karani katika ofisi ya maji, chumba cha pili kushoto ukishapita dirisha la malalamiko, tangu enzi za mashine za taipu. Jina lake la kweli wenzake wamelisahau. Wanamwita Mama Kiungo kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni: usinitumie faili, nitumie kiungo cha mtandaoni. Waraka ukae mahali pamoja, watu wote waingie humo humo. Ukimgawia kila mtu nakala yake, kila mtu atasahihisha ya kwake, na kesho utakuwa na ripoti tano zinazotukanana. Na kabla hujamfungulia mtu mlango, amua kwanza: huyu ni wa kutazama tu, huyu wa kutoa maoni pembeni, huyu wa kuhariri. "Ruhusa ya kuhariri haigawiwi kama pipi," huwaambia wageni wa kazi, na wageni wa kazi huitikia kwa kichwa wakitafuta mlango kwa macho.

Lakini kitu kilichomtia wazimu hasa ni kile kitufe cha Badilisha Zote. Siku moja mhandisi mmoja alitaka kila penye neno "maji" katika ripoti yake pawe "huduma". Akabonyeza mara moja, akaenda zake kunywa chai. "Majina ya wateja" yakawa "hudumana ya wateja", na majirani wa kisima wakawa "hudumarani". Ripoti ikafika kwa mkurugenzi hivyo hivyo.

"Kompyuta haijui maana!" Mama Kiungo alifoka mpaka sauti ikamkauka. "Inajua herufi! Ikizikuta herufi zako tumboni mwa neno jingine, inazing'oa! Mwambie itafute neno zima, halafu badilisha moja moja, ukiangalia. Unakimbilia wapi?"

Basi mama yao, yeye na ndugu zake, akafariki.

Mama alikuwa mshonaji, na nyumba ile yenye cherehani barazani aliijenga kwa mkono wake. Alizaa watano. Wa kwanza ni Kaka, mwenye duka la vipuri vya magari, mtu wa amri. Wa pili ni Mama Kiungo. Watatu waliofuata wanaishi mbali na hupenda sana kusema "mtakavyoamua ninyi". Kisha kuna Kitinda. Mama yake alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, akafariki mtoto akiwa na siku chache tu, na mshonaji akamchukua yule mchanga, akamfunga mgongoni, akaendelea kushona. Alimwita kitindamimba wake, na anayebisha abishe. Mama alipolala kitandani miaka yake ya mwisho, aliyemwosha, aliyemlisha na aliyemgeuza ubavu ni Kitinda. Wengine walipiga simu.

Sasa Kaka alikuwa ameshatamka: nyumba ni ya watoto wa mama, na asiye mtoto, maziko yakiisha, atafute pa kwenda.

"Kitindamimba gani asiyetoka kwenye mimba?" alisema, akacheka peke yake.

Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu ikamwangukia Mama Kiungo, nani mwingine. Akafungua waraka, akaupa jina na tarehe, akawatumia ndugu zake kiungo. Na hapo, yeye mwenyewe, mwalimu wa dunia nzima, akawapa wote ruhusa ya kuhariri. Si ndugu? Si mama mmoja?

Aliandika vizuri, akilia. Aliandika kwamba mama alizaliwa mwezi wa sita, kwamba mpangaji wake alipofariki mama hakusita kumchukua mtoto, kwamba watoto wake walisitawi mikononi mwake. Mwisho akaandika: ameacha watoto sita.

Alipofungua tena mchana, mwisho palisomeka: ameacha watoto watano.

Akarudisha sita. Huku anatazama, kwa macho yake mawili, herufi zikafutika moja moja, watano ikarudi. Kaka alikuwa humo ndani. Akarudisha sita. Ikaja watano. Wakavutana hivyo kwa muda, watu wenye wajukuu, mama yao hajazikwa.

Akampigia simu. "Kaka, una nini lakini?"

"Sina kitu. Kulea alimlea, sijafuta hilo. Lakini kulea si kuzaa. Wasifu ukishasomwa mbele ya ukoo na majirani kwamba tuko sita, nitamwambia nini huyo siku ya kugawana?"

"Huyo? Huyo ana jina! Huyo ndiye aliyekuwa anamfulia mama yako shuka wewe ukiuza plagi!"

"Chunga mdomo, mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa wa mwili!"

Akakata simu. Akaenda kwenye orodha ya walioingia, akamkuta Kaka, akamvua ruhusa ya kuhariri. Mtazamaji. Kaa hapo utazame.

Jibu lilikuja jioni ile ile, ujumbe mfupi: "Umenifungia mlango wa mama yangu. Sawa. Nimeshachukua nakala yangu, nimerekebisha mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani, nimeshachapisha. Kesho nasoma mimi."

Nakala yangu! Mama Kiungo aliirusha simu kitandani. Maisha yake yote amepigana na nakala yangu, nakala yako, na leo nakala inakwenda kumfukuza mtoto wa watu nyumbani kwao. Kweli alimfungia Kaka mlango, lakini dirisha la kupakua aliliacha wazi. Alijitukana kwa sauti, peke yake chumbani.

Asubuhi ya maziko uani palijaa watu. Viti vya kukodi, turubai, harufu ya majani mapya yaliyokatwa. Mama Kiungo alimfuata Kitinda chumbani kwa marehemu. Alimkuta ameketi pembeni ya kitanda kitupu, na begi miguuni limefungwa zipu.

"Hilo begi la nini?"

"Dada, nimeona karatasi za Kaka. Sitaki kuja kutolewa kama mpangaji. Bora nitoke mwenyewe."

Mama Kiungo alilipiga begi teke, akatoka.

Kaka alisimama mbele, suti nyeusi, miwani puani, karatasi zinang'aa na picha ya mama juu. Akaanza kwa sauti nzito.

"Mama yetu mpendwa alizaliwa mwezi wa watano..."

"Wa sita!" Aliyeruka ni mama mkubwa, dada wa marehemu, bibi mkavu mwenye fimbo, ameketi kiti cha mbele. "Mimi ndiye dada yake, mimi. Wa watano ndiyo Kiswahili gani?"

Watu wakaguna. Kaka akakohoa, akaendelea haraka.

"Mpangaji wake alipofariki na kuacha mtoto mchanga, mama haku... hakuwa... hakuwatano kumchukua."

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Hakuwa nini?"

Mama Kiungo aliinua kichwa. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Aliijua ile kazi kama anavyoijua harufu ya printa iliyoungua.

"Watoto wake wote wali... waliwatanowi mikononi mwake." Jasho lilikuwa linamtoka Kaka chini ya miwani. Aligeuza ukurasa, akitafuta pa kujiokoa, akakuta ni maneno ya mama mwenyewe. "Mama alizoea kusema: Watanoki... Watanoki kusikia nani nimemzaa na nani nimemlea..."

Wengine wakaanza kucheka, kicheko kile cha msibani kinachozuiwa kwa kanga mdomoni. Mama mkubwa hakucheka. "Marehemu dada yangu hakuwahi kusema watanoki. Soma alichosema!"

"Ndivyo ilivyoandikwa," Kaka alisema kwa sauti ndogo.

"Uongo!" Mama Kiungo alikuwa amesimama. Hakuwa ameamua kusimama. "Sivyo ilivyoandikwa, ndivyo ulivyoifanya! Umebonyeza Badilisha Zote! Ulikuwa unaifuta sita kila ilipo, eeh? Ili mtoto wa sita asionekane popote. Basi umeing'oa mpaka tumboni mwa maneno ya mama! Hakusita, umeing'oa! Sitaki, umeing'oa! Hukumwachia mama hata neno lake la kukataa!"

Kaka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rudia," mama mkubwa alisema, akigonga fimbo ardhini. "Mwanangu, mwambie asomeje."

"Rahisi," Mama Kiungo alisema. "Kila penye watano, Kaka, soma sita. Kila penye. Usiruke hata moja."

Akarudia. Angefanya nini, mbele ya ukoo mzima? Mama alizaliwa mwezi wa sita. Mama hakusita kumchukua mtoto. Watoto wake wote walisitawi mikononi mwake. "Sitaki kusikia nani nimemzaa na nani nimemlea," alisoma, na hapo sauti yake ikakatika kidogo, kwa sababu hiyo ilikuwa sauti ya mama kabisa, na alikuwa ameambiwa hivyo mwenyewe, utotoni, mara nyingi.

Akafika mstari wa mwisho. "Ameacha watoto..."

Aliitazama karatasi. Mlangoni Kitinda alikuwa amesimama na begi lake mkononi.

"Umeambiwa usome nini?" mama mkubwa aliuliza.

"Sita," Kaka alisema.

"Sauti!"

"Ameacha watoto sita."

Waliporudi kutoka makaburini, Kaka alimfuata Mama Kiungo jikoni, kola imelegea, akaomba arudishiwe ruhusa katika ule waraka, angalau asahihishe nakala ya kuwatumia walioko mbali. Mama Kiungo hakumwangalia. Hasira ilikuwa bado iko juu, na hakuona sababu ya kuiharakisha ishuke.

"Utatazama," alisema. "Atakayehariri ni Kitinda. Kamwombe. Yuko chumbani kwa mama, anatoa nguo kwenye begi."